Jaketi la kuzamia (BCD) la mtumba: la koti au la mfuko wa mgongoni? Nazamia Matema

Mshamba_wa_Uyole
Habari za jioni wakuu. Kozi ya uzamiaji nilifanyia Zanzibar, sasa niko Mbeya kikazi na wikendi tunashuka Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, na washkaji, mmoja ana kompresa kwahiyo hewa siyo tatizo, tatizo jaketi (lile unalijaza na kulimwaga hewa ili uelee au uzame) maana nimechoka kuazima. Kuna jamaa Dar anauza mitumba miwili. Moja ni la koti, yale ya kawaida mfuko unakuja mpaka ubavuni, lingine ni bamba la chuma na mfuko uko mgongoni tu. La bamba bei imesimama, anadai ndo wataalamu wanavaa. Nina kilo 70 hivi, suti ya milimita 5. Nichukue lipi? Na risasi (vile vizito vya kufunga ili uzame) je, Zanzibar walikuwa wananifunga kilo 8.

Ng'ombe_wa_Kyela
Mkuu hayo ya wataalamu ni maneno ya biashara. Yote mawili yanaelea. La koti linakusimamisha wima vizuri ukiwa juu unasubiri mtumbwi, la mgongoni ukijaza sana juu huku linakusukuma kifudifudi mpaka ulizoee, ila chini linakulaza flati raha mustarehe. Kikubwa likukae. Livae juu ya suti, funga mikanda, mwambie mtu alivute juu kwa mabega, likikufika masikioni achana nalo.

Mtumba angalia vali kabla ya rangi. Lipulize mpaka vali ya usalama ilie pssss, liache usiku kucha, asubuhi libonyeze kama bado gumu. Halafu mimina maji ndani, tikisa, yamwage kwenye beseni. Ukiona chembe za chumvi jua mwenye nalo alikuwa anaosha nje tu. Chumvi hiyohiyo ndo inakwamisha kitufe cha kujazia, hewa inaingia yenyewe unapaa juu hujapanga. Ikikutokea chomoa ule mpira (bomba) unaoleta hewa kutoka mtungini huku unamwaga, kwahiyo jizoeze kuuchomoa na glavu mkononi.

mama_dagaa
Kilo 8 kwa mwili huo nyingi kaka, wanafunzi huwa wanafungwa risasi za kuwatuliza chini mwalimu apumue 😂 Na Nyasa ni maji baridi, hayana chumvi, hayakubebi kama bahari. Ukijumlisha wewe na mtungi na vyote mkafika kilo 100 unapunguza kama kilo 2 na nusu hapohapo. Ukichukua lile la bamba la chuma punguza tena, bamba lenyewe lina kilo 2 na ushee.

Pima hivi: mtungi uwe umebaki presha kama ba 50, mwaga hewa yote ya jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishikilie, ukae wima bila kupiga mapezi. Maji yakufike usawa wa macho, ukitoa pumzi uzame taratibu. Usipime na mtungi umejaa ukaridhika, ule wa alumini ukikaribia kuisha unaelea, utashindwa kutulia pale mita 5 unaposimama kidogo kabla ya kutoka majini. Risasi zikizidi unalazimika kujaza hewa nyingi kwenye jaketi, na hewa ya mita 10 ukifika juu inakuwa mara mbili, sasa hapo jaketi ndo linakuendesha wewe. Pale upande wa mawe kunakatika ghafla kwenda kina, siyo sehemu ya kujifunzia hayo.

Fundi_Tukuyu
Mnaongelea risasi, mimi naogopa barabara. Ziwa lenyewe liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia 300 inahesabika ni kuzamia nyanda za juu, kwahiyo angalia kompyuta yako ya kuzamia kama inajirekebisha yenyewe au unaiseti. Kubwa zaidi, Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Kutoka Matema kupandisha Tukuyu mpaka Uyole ni sawa na kupanda ndege baada ya kuzamia, ile nitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu ukakuumiza.

Mshamba_wa_Uyole
Duh. Sisi Jumapili asubuhi tunazama, mchana tunageuza. Sasa tufanyeje?

Fundi_Tukuyu
Zamieni Jumamosi. Kwa ndege wanasema usubiri masaa 12 ukizama mara moja, masaa 18 ukirudia, na kwa mlima huu mimi nafuata hizohizo. Mkitoka majini saa nane mchana, Jumapili saa mbili asubuhi mnaweza kuondoka. Wakati mnasubiri nendeni Ikombe mkaone akina mama wa Kikisi wanavyofinyanga vyungu.

Mshamba_wa_Uyole
Ndaga fijo wakuu. Nachukua la koti, hela inayobaki mafuta ya gari.

Ng'ombe_wa_Kyela
Kabla hujatuma hela mwambie akupigie picha pale mpira wa hewa unapochomekwa. Yale ambayo inflata (kile kishikio cha kujazia jaketi) ina regyuleta ya akiba, yaani ya kupumulia, ndani yake mengi yana kichomeo kinene, mpira wako wa kawaida haukai, na huku Mbeya wa kubadilisha nao sijui utaupatia wapi.