Kaunta ya jikoni Dodoma: marumaru nyeupe au granaiti nyeusi?

Mjenzi wa Iyumbu
Wakuu habari zenu, naomba mawazo ya wanaojua mawe. Namalizia nyumba huku Iyumbu, fundi makabati anakuja kupima wiki ijayo na bado tumekwama kwenye jiwe la juu. Mke wangu anataka marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu (naongelea jiwe lenyewe sio taili, maana mtaani ukisema marumaru unaletewa taili), mimi nimependa granaiti nyeusi, muuzaji naye anatusukumia kwatsi anasema ndo habari ya mjini. Jikoni kwetu kunapikwa kwelikweli, ndimu na ukwaju kila siku, binzari, na sufuria ikitoka motoni inatuliwa hapohapo. Urefu ni kama mita nne na nusu, sinki lipo katikati. Sitaki kurudia hii kazi.

Mama Wawili
Kaka mwambie shemeji yangu marumaru nyeupe aweke hata bafuni kwa wageni, jikoni hapana. Mimi niliweka, mwezi wa kwanza nilikuwa naiangalia kama mtoto mchanga, mwezi wa tatu kila ndimu ilipokatiwa pana alama imefifia, ukiipiga tochi unaziona zote. Na maji yetu haya ya visima unayajua yana chumvi, pembeni ya bomba pakaganda weupe, dada wa kazi akafanya kama tunavyofanya kwenye birika, akamimina siki. Chumvi ilitoka na ung'aavu ukaondoka nao, hiyo sehemu mpaka leo imekufa. Simlaumu, hakuna aliyemwambia.

FundiMawe
Dada hapo juu kamaliza. Marumaru asili yake ni chokaa, na chokaa na asidi haviivani, ndimu, siki, nyanya, hata divai yetu ya zabibu, vyote vinakula uso wa jiwe. Hilo sio doa la kusugua, jiwe lenyewe limeliwa, dawa yake ni kupolish upya. Halafu ni laini, kisu kinaichora. Granaiti ni ngumu, kisu kinaisha makali chenyewe, na sufuria ya moto haiisumbui sana ila tumia kikalio cha sufuria tu.

Kwatsi sio mbaya ila ujue ni jiwe lililosagwa likagandishwa na gundi. Haihitaji sila (ile dawa ya kupaka jiwe lisinyonye) wala nini, lakini ile gundi haipendi moto, sufuria ya mafuta inaacha alama haitoki, na kama dirisha la jiko lako linapigwa na jua la Dodoma mchana kutwa rangi itabadilika taratibu. Kwa upikaji ulioueleza mimi nisingeweka.

Sasa muhimu kuliko yote, usinunue kwa jina. Wauzaji wengine wanaita kila kitu granaiti. Omba kipande cha slebu hiyohiyo, yaani lile bamba la jiwe utakalonunua, sio sampo ya mezani, kamulia ndimu uache dakika kumi na tano ufute. Pakififia hiyo sio granaiti. Kisha dondoshea maji, jiwe likigeuka jeusi haraka linanyonya sana, litataka sila mara kwa mara. Na hiyo nyeusi ifute kwa kitambaa cheupe chenye asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha, kitambaa kikitoka na weusi jiwe limepakwa rangi, liache.

Kijana wa Nkuhungu
Niongezee la usafiri. Slebu ya sentimita mbili ina kilo zaidi ya 50 kwa mita ya mraba, ibebwe imesimama kama kioo, ukiilaza kwenye gari inapasuka. Pale kwenye sinki ndo inapovunjikia maana inabaki mikanda miwili myembamba, waambie waache upana wa kutosha na chini pawe na kishikizo. Na ukataji ufanyike kwa maji, lile vumbi linaharibu mapafu moja kwa moja, la kwatsi ndo baya zaidi, Australia wameipiga marufuku tangu Julai 2024 kwa sababu ya mafundi kuugua. Usikubali mtu akate kavu ndani ya nyumba yako, kwa ajili yake na ya watoto wako.

Mjenzi wa Iyumbu
Mrejesho wakuu. Tumeenda wote wawili na ndimu mfukoni. Ile nyeupe muuzaji aliyotuambia ni granaiti imefifia mbele ya macho yake. Nyeusi imepita ndimu na asetoni. Mke wangu alinyamaza kidogo akaenda kwenye ya kijivu yenye chembe nyeupe na nyeusi, tukaijaribu ikakaa vizuri, ila ilinyonya maji kidogo. Kaipenda, kasema chumvi ya maji haitaonekana kama kwenye nyeusi, na kweli sikuwa nimeliwaza hilo. FundiMawe, hiyo sila ipakwe kabla ya kufunga au baada?

FundiMawe
Baada mkuu, jiwe likishakauka vizuri, siku mbili hivi bila kumwagiwa maji. Shemeji kachagua vizuri, nyeusi na maji ya huku ungefuta kutwa nzima.