"Klachi ya jeshi ndivyo ilivyo, nenda kanywe uji" — HUYU MTU ATATUMALIZA!

MguuWaNondo:
Wakuu, jina la fundi silitaji. Mnamjua. Asiyemjua hajawahi kumiliki Land Rover 109 ya mnada wa jeshi.

Leo asubuhi, mbele ya wateja na muuza mihogo, pedali ya klachi ya 109 yangu, Series III, imekwama chini kama imepigiliwa misumari. Yeye anafuta mikono kwenye suruali, anasema: "Klachi ya jeshi ndivyo ilivyo. Nenda kanywe uji."

UJI! Pedali inataka mguu wa tembo na kibali cha mkuu wa kikosi, dawa yake uji?

Kwani makuruta waliokuwa wanaziendesha kutwa nzima walikuwa wanagawiwa goti la akiba? Hiyo ni klachi ya kusukumwa na mafuta, ya diafragma (springi bapa yenye vidole), inchi 9.5. Ikiwa nzito toka juu mpaka chini, angalia pleti (sahani ya msuguano) na presha pleti inayoibana: pleti ikilika, vidole vya diafragma vinabadili pembe na mguu ndio unalipa. Lakini KUKWAMA ni ugonjwa mwingine! Kipimo chake dakika mbili. Pedali ikigoma kurudi, lala chini ya gari, legeza niplo (skrubu ya kutolea mafuta) ya silinda ya chini, ile inayosukuma foku ya klachi kwa fimbo, kwa spana ya 7/16. Mafuta yakiruka na fimbo ikarudi, basi presha ilikuwa imefungiwa: hozi imevimba kwa ndani, au masta, silinda ya juu penye pedali, imebanwa. Isiporudi, shida iko kwenye silinda hiyohiyo, foku, au rilisi bearingi (inayobonyeza vidole vya klachi) inayong'ang'ania kwenye bomba inamotelezea.

Kalala chini? Hajalala. Kakunja mikono, kasema uji.

Spana_716:
Na fimbo ya masta ameigusa? Kati ya fimbo na pistoni inatakiwa ibaki mm 1.5 ya uchezaji. Wao wanaikaza "ili klachi ishike juu", pistoni hairudi mpaka mwisho, mafuta hayapati njia ya kurudi kwenye kopo lake, injini ikipata joto pedali inazidi kukaza. Anza na kimo cha pedali, mm 140 toka sakafuni, ndipo urekebishe fimbo.

Kumbwaya:
Mkuu, uliunywa lakini? Wa ulezi au wa sembe?

MguuWaNondo:
Toka hapa.

MzeeWaGirisi:
Vijana mna haraka na mafuta. Tenganisha kwanza pedali na fimbo ya masta, uisukume kwa mkono. Ikibana hapohapo, ni shafti ya pedali imekula kutu kwenye bushi zake, hata ubadilishe raba za silinda za nchi nzima. Boksi la pedali linatoka lote, shafti inagongwa itoke, msasa laini, grisi, rudisha. Anayepulizia dawa ya kutu kwa juu bila kufungua, amekuuzia wiki mbili.

BibiWaSeriesIII:
Mzee shikamoo. Mmemsahau aliyejaza oili ya injini kwenye kopo la klachi! Raba zinavimba kama maandazi, pistoni inakwama ndani ya silinda. Hapo kubadili mafuta peke yake ni kazi bure. Raba za masta, za chini na hozi vyote vitupwe, bomba lioshwe kwa spiriti, kisha mafuta ya breki mapya, DOT 3 au DOT 4, toa upepo mpaka mapovu yaishe.

Kumbwaya:
Kumbe raba nazo zimekunywa uji.

MguuWaNondo:
Yaani hata niplo hakuigusa!! Mikono kaikunja hivi, "nenda kanywe uji"!

TingoMstaafu:
Plagi ya kuvukia maji hamuitaji? Chini ya belihauzi, nyumba ya klachi, kuna tundu. Plagi inafungwa siku ya kuvuka mto, baada ya hapo inatolewa. Nyingi za mnadani bado imo tangu mto wa mwisho. Sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) ikivuja, oili haina pa kutokea, pleti inaoga, klachi inanata na kutetemesha gari zima.

Spana_716:
Na riversi ikilia wakati pedali iko chini kabisa na mafuta ni safi, kagua bushi ya shaba mkiani mwa krenki. Ikikaza, shafti ya giaboksi inazunguka na injini. Riversi haina sinkromeshi ya kulinganisha mwendo wa gia, ndiyo inayosema kwanza. Pole sana, maana hapo sakafu inatoka, boksi la viti linatoka, na giaboksi linapitia ndani ya kebini kwa chenibloki.

Volti24:
Klachi afadhali. Kuna muuza spea mmoja, mnamjua pia, anawauzia watu balbu za volti 12 kwa zile Land Rover za jeshi za kubebea redio, za volti 24. Zinawaka kama jua, zinakufa papo hapo.

TingoMstaafu:
Yule! Halafu anawashauri wavute volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Hiyo moja inashinda njaa, mwenzake anachajiwa mpaka anachemka.

BibiWaSeriesIII:
Si kuna kibadilishi cha 24 kwenda 12? Kwani ni ghali kuliko betri mbili?

MguuWaNondo:
Wakuu, tulikuwa kwenye UJI.

Volti24:
Fungua uzi wako, kaka. Hapa tunaongea umeme.

MguuWaNondo:
HUU NDIO UZI WANGU!

Kumbwaya:
Tingo, hicho kibadilishi kiwe cha ampea ngapi?