Mwanangu anaogopa kisa cha Nabii Ibrahim, nimjibu nini?

mama_wa_kati
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nna watoto watatu ila leo nimekuja na la huyu wa kati, ana miaka mitano. Ustadh wao kabla ya Idd ya kuchinja aliwasimulia kisa cha Nabii Ibrahim alivyoota anamchinja mwanawe, kasimulia vizuri tu wala simlaumu, lakini toka hapo mtoto akimuona baba yake kalala mchana anamuamsha. Nikamuuliza we baba unamuamshia nini, ananijibu "asije akaota". Wallahi nilicheka huku roho inaniuma. Sasa baba yake anasema visa vya Mitume tuviache kwanza mpaka akikua, mie naona hapana, mashujaa wa katuni anawajua wote kwa majina halafu Manabii ndo asubiri? Ila kweli sijui nianzie wapi na kipi nikiweke pembeni. Na mkubwa wa miaka 9 naye kaniletea lake, eti mbona Nuh ni Nabii na mwanawe akazama?

Abu_Sumayya
Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada kwa umri huo anza na vya wanyama. Chungu aliyewaambia wenzake ingieni majumbani mwenu Sulayman na majeshi yake wasije wakawakanyaga, na Nabii Sulayman akatabasamu kwa kumsikia. Ndege Hudhud aliyechelewa kwenye ukaguzi akaja na habari za malkia wa Sabaa. Ngamia wa Nabii Swaleh. Yunus na samaki. Wangu wa miaka minne alivishika vyote haraka, hata ukimkatisha anakwambia baba umeruka hapo.

bint_hamid
Kaka Abu Sumayya hapo kidogo sikubaliani na wewe. Muulize mtoto kisa cha Yunus kinahusu nini, atakwambia samaki. Nuh? Mashua ina twiga. Sasa Nabii mwenyewe yuko wapi hapo? Yunus aliondoka kwa watu wake kabla hajaruhusiwa, akajikuta gizani, akaomba La ilaha illa anta subhanaka inni kuntu minadh-dhalimin (hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu), na hao watu aliowakasirikia, laki moja au zaidi, wakaja kuamini. Mtoto wa miaka mitano anaelewa vizuri sana kukasirika ukaondoka halafu ukajuta, hilo linamtokea kila siku, samaki yeye hajawahi kummeza. Na huyo ngamia wa Swaleh umesahau mwishowe wanamuua? Hicho nacho si cha kulalia.

Mie ningeanza na Musa mchanga. Mama anaogopa, anamuweka kwenye kisanduku mtoni, dada yake anamfuata kwa mbali bila watu kushtuka, mtoto anakataa kunyonya kwa wanawake wote mpaka anarudishwa kwa mamake. Kina hofu ndani yake lakini mtoto anarudi mikononi. Firauni na mambo ya bahari yatakuja baadae, Musa katajwa kwenye Qur'an kuliko Nabii mwingine yeyote kwahiyo hamtaishiwa.

Abu_Sumayya
Ya ngamia umenipata 😅 ila samaki ndo mlango bana, mtoto akishaingia ndani utamwonyesha mengine.

mwalimu_wa_wadogo
Salaam. Nafundisha watoto wa rika hilo na swali la ndoto huwa nalipata karibu kila Idd. Dada usimwambie "baba hawezi kufanya hivyo" ukaishia hapo, maana kichwani mwake Nabii Ibrahim naye ni baba mwema na aliambiwa. Mpe jibu lenyewe. Ndoto za Manabii ni wahyi, yaani ufunuo kutoka kwa Allah, zetu sisi sio, na Mtume wetu Muhammad s.a.w. ndiye wa mwisho, baada yake hakuna Nabii. Kwahiyo baba akilala akaota chochote kile, haiwezi kuwa amri ya kuchinja mtu. Imeisha. Watoto wanaipenda sana hii kwasababu ni kanuni, sio bembelezo, na hapo hapo umeshamfundisha itikadi bila yeye kujua.

Kingine, angalia kisa kinasimuliwaje kwenye Surat As-Saffat. Mtoto alikuwa keshafika umri wa kuhangaika pamoja na baba yake, sio mchanga. Baba hakumvizia usingizini, alimwambia waziwazi na akamuuliza we waonaje. Mtoto akajibu baba fanya ulivyoamrishwa. Halafu Allah akamkomboa. Wasimuliaji wengi wanakaa kwenye kisu dakika kumi na kwenye kukombolewa sekunde mbili, ndo maana watoto wanaondoka na kisu. We geuza, kisu kipite, kukombolewa ndo ukae hapo.

mama_wa_kati
Subhanallah hiyo ya Mtume wa mwisho haikunijia kabisa. Jazakallahu khayran mwalimu. Na la mkubwa je?

mwalimu_wa_wadogo
La Nuh kwa miaka 9 mwambie lote. Nuh alikaa na watu wake miaka 950 anawaita, na mawimbi yalipopanda alimwita mwanawe, ewe mwanangu panda pamoja nasi, akajibu ntakimbilia mlimani. Aliitwa akakataa. Nabii hana uwezo wa kumtia mtu imani moyoni hata awe wa damu yake. Akikubishia mletee upande wa pili, mke wa Firauni, aliishi ndani ya nyumba ya yule dhalimu na Allah akamfanya mfano kwa waumini. Usimfiche kwamba Nuh aliumia, alimlilia Mola wake kuhusu huyo mtoto, imo kwenye Surat Hud.

bint_hamid
Naongeza dogo tu. Ukifika kwa Nabii Ayub, zile habari za mafunza kumtoka mwilini ziache hukohuko zilikotoka, kwenye Qur'an hazimo na mtoto hatolala. Kilichomo ni maradhi, subira, kisha akaambiwa piga ardhi kwa mguu wako yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Wangu hapo huwa wananyanyuka wote wanapiga sakafu, jiandae na kelele.