Tupeane uzoefu: ulistaafu kwa hiari ukabaki na kakazi ka siku chache, ulipangaje maisha?

Mwalimu wa Kihonda

Habari zenu wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Morogoro, mwakani mwezi wa nne natimiza 55, niliajiriwa nikiwa na 25 kwahiyo nitakuwa na miaka 30 kazini bila kukatika. Nataka kuomba kustaafu kwa hiari, na barua inatakiwa itangulie miezi sita, kwahiyo muda wa kuamua ndio huu. Sio kwamba kazi nimeichoka jamani, naipenda sana, ila sauti imeisha. Darasa langu la pili lina watoto 104, ikifika saa nne asubuhi naongea kwa kukwaruza, jioni mjukuu akiniita namjibu kwa mkono. Na magoti nayo.

Sasa kuna shule ya inglishi midiam imenifuata, wanataka nifundishe kusoma na kuandika darasa la kwanza na la pili, siku tatu kwa wiki, watoto 30 tu darasani, laki tatu na nusu kwa mwezi. Nikilala naona ni baraka, nikiamka naogopa. Naogopa siku tatu zitakuwa tano, naogopa mafao yatachelewa nibaki nasubiri, naogopa hata kukaa nyumbani maana tangu nimalize chuo sijawahi kuwa na Jumatatu yangu mwenyewe. Waliopita njia hii naombeni mnisimulie ya kwenu, jinsi ilivyokuwa kweli, pabaya na pazuri.

Mhasibu Tabata

Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa kampuni binafsi, mfuko wangu ni NSSF, nilitoka na 55 kamili, mwaka wa tatu huu. Kabla sijasema ya kwangu nikupigie hesabu kidogo maana nyie wa serikalini wengi mnaamua kwa hofu bila kuona namba.

Chukulia wastani wa mshahara wako ule wa miaka mitatu mizuri ni 1,200,000, mwaka ni 14,400,000. Kwa kikokotoo cha mafao, miezi 360 (ndio miaka yako 30) ugawe kwa 580 uzidishe na hiyo ya mwaka, unapata kama 8,938,000. Ukizidisha kwa 12.5 ndio fungu lote, na mkupuo, ile hela unayopewa mara moja ukitoka, ni asilimia 40 ya hilo kwa wale ambao zamani walikuwa wanalipwa nusu (ilishushwa 33 mwezi wa saba 2022, bajeti ya 2024 ikapandisha 40, wale wengine waliokuwa wanapata robo wao ni 35). Kwahiyo mkupuo ni milioni 44 na laki saba hivi, na pensheni ya kila mwezi, yaani asilimia 60 iliyobaki ya ile 8,938,000 ukigawa kwa 12, kama 447,000. Ukingoja mpaka 60 kwa mshahara huohuo, mkupuo ni milioni 52 na pensheni 521,000. Mshahara ukipanda ndani ya hiyo miaka mitano tofauti inakua, hilo lipime, ila ujue unachokiacha ni kama elfu 74 kwa mwezi na milioni saba na ushee ya mkupuo, na bila shaka mshahara wenyewe wa hiyo miaka. Sasa weka hiyo laki tatu na nusu ya shule pembeni ya 447,000 uone unafika wapi.

Ya kwangu: mimi sikugawa wiki, niligawa mwezi. Nina wateja watatu, duka la vipuri, famasi na mama mmoja wa vifaa vya ujenzi, nawashikia vitabu. PAYE (kodi ya mishahara) mwisho tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mwisho tarehe 20, kwahiyo kuanzia tarehe 1 mpaka 20 mimi ni mtu wa karatasi, wakinilipa wanakata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio wananipa cheti chake. Tarehe 21 asubuhi nafunga kompyuta naiweka kwenye begi, naondoka Kisarawe kwenye mihogo yangu mpaka mwisho wa mwezi. Wateja wote wanajua, hata mtandao kule unasumbua. Mteja wa nne alikuja na hela nzuri kabisa lakini anataka mtu wa kupatikana muda wote, nilimkatalia, na mke wangu alinishika mkono siku hiyo akasema asante.

Kingine mwalimu, kabla ya barua nenda kwa afisa utumishi uangalie tarehe yako ya kuajiriwa na ya kuzaliwa kwenye mfumo kama zinalingana na makaratasi yako, na michango kama haina miezi iliyoruka. Watu wanakwama hapo.

Nesi Mstaafu

Mwalimu mdogo wangu nimesoma nikaona kama umeandika mimi. Nilitoka na 56 hospitali ya serikali, wodi ya wazazi, miaka 31. Mwezi uleule zahanati moja ya mtu binafsi ikanichukua, tukakubaliana kwa mdomo tu zamu 12 kwa mwezi. Kwa mdomo, hapo ndipo nilipokosea.

Mwezi wa kwanza mzuri kabisa. Wa pili akaanza sista njoo tu hata saa moja kuna mama analeta shida, na mimi mtu akiniambia kuna mama yuko chumba cha kujifungulia siwezi kukaa, nachukua boda naenda, saa moja inakuwa mpaka asubuhi. Nilikuwa na daftari dogo la mjukuu, lile la kurasa 48, nikawa naandika kila ninapokwenda. Mwisho wa mwezi wa tatu nikahesabu mistari, 23. Hela niliyopewa ni ya zamu 12 na "asante sana sista". Yaani nilitoka serikalini nipumzike nikawa nafanya kazi zaidi ya nilivyokuwa na 40, na miguu imevimba.

Nikaenda na lile daftari nikaliweka mezani kwake. Sikugombana. Nikamwambia bosi hizi ndio siku zangu, soma mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu kisha akasema hakujua zimefika hapo, na mimi naamini hakujua, kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu isipokuwa mimi. Tukaandika karatasi moja: Jumatatu Jumatano Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, ikizidi inalipwa kwa saa. Ya dharura nimewapa namba ya nesi mwingine kijana ambaye anatafuta deiwaka, na yeye anafurahi. Usiku simu yangu analala nayo mkwe wangu. Mwanzoni nilijisikia vibaya sana, kama nimewakimbia wale akina mama. Ilinichukua muda kukubali kwamba kuna mwingine anaweza.

Halafu hili lisikupite. Mafao yangu yalichukua miezi mitano mpaka kuingia, karatasi moja ilikosa muhuri ikarudi nikaanza upya. Hiyo miezi mitano ile hela ya zahanati ndio ilikuwa unga na umeme na nauli. Kwahiyo mimi nasema iwe ndogo iwe kubwa, kazi ya kando ianze kabla hujaanza kusubiri. Na bima, mimi na mzee tunaendelea kutibiwa kwa kadi ya ustaafu ila watoto walitoka, kijana wangu wa mwisho alikuwa bado anasoma ikabidi nimtafutie yake. Kama una mtegemezi liangalie mapema.

Mwalimu wa Kihonda

Dada yangu asante sana, hiyo ya daftari nimesoma mara tatu. Karatasi hiyo uliandika mwenyewe au aliandika yeye?

Nesi Mstaafu

Niliandika mimi nyumbani kwa mkono, tukasaini nakala mbili. Wewe mwalimu hati yako nzuri, andika wewe. Na hiyo sauti usistaafu nayo hivyo, nenda kwa daktari wa koo sasahivi, ukwaruzaji wa kila siku sio wa kunyamazia.

Fundi Sanifu Mbeya

Mimi nitasema pabaya. Nilitoka na 55, nikapata usimamizi wa saiti siku mbili kwa wiki, na hapohapo mkupuo ulipoingia nikajenga banda nikaweka kuku 400 wa mayai. Vyote ndani ya miezi miwili. Kichwani niliona siku tano zilizobaki ni za kuku, lakini saiti ikimwaga zege hawaangalii leo ni siku yako au sio, nikawa nipo saiti, banda analo kijana. Chanjo ya mdondo ya marudio ikapita tarehe, mimi nilidhani amewapa, yeye alidhani nitaleta. Siku ya kwanza walikufa 11, nikasema joto. Siku ya pili nimeingia asubuhi wamelala upande mmoja shingo zimepinda, wale waliobaki wamesimama kimya. Kuku 400 wakiwa kimya ni kitu sitakisahau. Tuliwafukia kwa siku mbili mimi na yule kijana, analia, nikamwambia hapana mwanangu hili ni langu.

Sikatazi kuku. Ila ukishika kazi ya nusu wiki, huo mwaka wa kwanza mkupuo uuache ukae, weka hata hati fungani au akiba ya muda maalumu, mpaka ujue wiki yako mpya inaenda vipi. Na watakupigia simu watu wanaojua jina lako na namba yako ya kazi, wanasema tuma laki mbili tukuharakishie faili. Jirani yangu alituma. Faili haliharakishwi kwa simu.

Mpwani wa Likoni

Assalam aleikum nyote, mimi niko upande wa Kenya, huku tuna ile ya kutoka na miaka 50, nikaishika nilipofika 51. Nilikuwa karani wa serikali. Saa hizi nashinda duka la spea la shemeji yangu Jumatatu mpaka Jumatano, siku zilobaki nasomesha madrasa jioni na asubuhi ni zangu na bahari.

Niwape moja tu ambayo hapana aliyeigusa. Watu wa nyumbani. Ukiwa kazini jamaa wanakuchelea, wajua uko ofisini. Ukishatoka, kila shughuli ni wewe. Fulani yuko hospitali mpeleke wewe, kuna posa Kwale twende wewe uko huru, maiti yatoka Malindi wewe ndiye wa kwenda kuipokea. Mwaka wa kwanza nilikuwa siwezi kusema la, yale ni mambo ya kheri, utasemaje la? Lakini Jumanne tatu mfululizo shemeji alifungua duka peke yake na yeye miguu yake si mizima. Mamangu mzazi ndiye alonisaidia, aliwaita wale wakubwa akawambia mwanangu hajaacha kazi, amebadilisha kazi, Jumatatu mpaka Jumatano mumhisabu yuko ofisini. Tangu siku hiyo salama. Mwenyewe ningesema wasingesikia. Tafuta mkubwa wa ukoo akusemee, mwalimu.

Mke wa Mstaafu, Tanga

Naomba niongee upande wetu sisi tunaobaki na wastaafu nyumbani. Mume wangu alitoka kwa hiari bila kazi yoyote ya kando, alisema anapumzika. Wiki ya kwanza kila siku saa kumi na moja alfajiri anaamka, ananyoosha shati, anavaa, anakaa sebuleni. Simuulizi. Saa nne anavua anavaa msuli. Ilienda hivyo kama miezi miwili, uzito unapungua, na mimi kwangu ikawa vigumu maana nina genge langu la mboga nyumbani, wateja wangu wa kike wanaona aibu kuingia mzee kakaa pale, na mimi kila nikipika anauliza mbona chumvi imekuja sasa.

Kilichomtoa ni msikiti kumuomba ashike hesabu zao asubuhi mbili kwa wiki, posho ndogo tu ya nauli. Siku hizo mbili ananyoosha shati kwa sababu. Siku nyingine analala mpaka kumepambazuka vizuri, ananisaidia kufunga mafungu ya mchicha. Kwahiyo mimi hiyo kazi ya siku tatu siangalii hela yake tu mwalimu, mtu aliyezoea kuitwa miaka thelathini akinyamaziwa ghafla anaumia. Kaa na mzee wako muongee kabla, nani yuko nyumbani saa ngapi, nani anapika siku zipi. Sisi hatukuongea.

Mwalimu wa Kihonda

Ndugu zangu Mungu awabariki, nimelia kwenye kuku na nimelia kwenye shati. Nimerudi kuwaambia nilipofika.

Jumamosi nilikwenda ile shule. Madarasa mazuri, meza ndogondogo, ubao mweupe hauna vumbi la chaki, nikajaribu kuongea sauti ya kawaida mtoto aliyekaa nyuma kabisa akageuka, yaani amesikia. Nikatoa karatasi yangu niliyoandika nyumbani: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, saa mbili mpaka saa saba, kusahihisha daftari kunafanyika ndani ya muda huo, vikao vya Jumamosi siji. Mwenye shule aliguna kwenye vikao. Tukakubaliana kimoja kwa muhula. Atasaini nikishapata jibu la barua yangu.

Na mume wangu tumeongea. Yeye ni fundi cherehani, ameniomba Jumatatu nimsaidie kukata yunifomu, nikamwambia Jumatatu ya kwanza kabisa nalala, ya pili nakata. Amekubali. Daktari wa koo nimepangiwa Alhamisi. Mkupuo tumesema hautaguswa mwaka mzima isipokuwa kumalizia bati la chumba cha nyuma.

Kesho asubuhi naenda halmashauri kwa afisa utumishi. Leo usiku nimetoa kila kitu kabatini kutafuta barua yangu ya ajira ya kwanza, nimeikuta chini kabisa kwenye bahasha ya kaki, imekunjika mara nne na pembe moja imeliwa na mende, ila tarehe na muhuri vinasomeka vizuri. Nimeitoa nakala tatu.