Mama ana pemfigoidi: tumpime saratani mwili mzima?

Binti_Korogwe: Wakuu, naomba ushauri. Mama ana miaka 74, ana kisukari. Aliwashwa sana kwa miezi, kisha yakatoka malengelenge makubwa yenye ngozi ngumu mapajani na tumboni. Mdomoni na machoni ni salama. Kipande cha ngozi kimepimwa, jibu ni pemfigoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ngozi yenyewe ikatoa malengelenge. Anatumia prednisoloni (steroidi ya kutuliza kinga ya mwili), pamoja na metfomini na vildagliptini za kisukari. Ndugu wamesikia kuwa huo ugonjwa ni dalili ya saratani iliyojificha, wanataka tukope apigwe CT (picha za ndani kwa eksirei na kompyuta) mwili mzima. Tufanyeje?

Tabibu_Ngozi: Pole kwa kuuguza. Msikope kwanza. Pemfigoidi huwapata zaidi watu wa miaka 70 na kuendelea, na huo ndio umri wa saratani nyingi. Wagonjwa wakilinganishwa na wenzao wa rika lao, tofauti kwa saratani zote kwa jumla huwa ndogo au haipo. Zinazojitokeza kiasi ni saratani za damu. Kwa hiyo aanze na picha kamili ya damu, apapaswe tezi za shingo, kwapa na kinena, achunguzwe matiti na shingo ya kizazi. Mwulizeni bila haraka: amekonda? Anatoka jasho jingi usiku? Choo kina damu? CT ifuate dalili.

Maabara_Moshi: Ulizeni pia kipande kilipimwaje. Vinatakiwa viwili. Cha ukingo wa lengelenge huwekwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Cha pili, cha ngozi nzima iliyo kandokando, ni cha imunofluoresensi (kipimo cha kung'arisha kingamwili zilizonata kwenye ngozi), nacho fomalini hukiharibu kabisa. Kinasafirishwa kwenye kimiminika cha Michel, au kwenye maji ya chumvi ya 0.9% kikifika maabara ndani ya saa 24. Vyote viwili vikitiwa chupa moja ya fomalini, jibu la pili hutoka "hakuna kitu" hata kama ugonjwa upo.

Nasisitiza hili kwa sababu jina kamili ndilo linaloamua hofu. Ipo pemfigoidi ya utando laini, ya mdomo na macho, ambayo kingamwili zake hushambulia laminini 332, protini inayoshikiza tabaka la juu la ngozi. Hapo karibu theluthi moja ya wagonjwa hukutwa na saratani, na kuisaka ni lazima.

Tabibu_Ngozi: Kweli kabisa. Nyingine ni pemfigasi ya paraneoplastiki, yaani ugonjwa wa malengelenge unaochochewa na uvimbe au saratani, iliyoelezwa na Grant Anhalt na wenzake mwaka 1990. Hiyo huanza na vidonda vikali vya mdomo, midomo ikaota magamba ya damu. Nyuma yake mara nyingi kuna limfoma (saratani ya tezi), lukemia sugu ya limfosaiti (saratani ya damu), ugonjwa wa Castleman (tezi kukua kupita kiasi) au uvimbe wa thaimasi, tezi iliyo kifuani. CT ya kifua, tumbo na nyonga haisubiri, na pumzi ifuatiliwe, maana mapafu yanaweza kuziba hata uvimbe ukishaondolewa. Maelezo ya mama hayafanani na hayo.

Mfamasia_Pwani: Mbona hakuna aliyegusa vildagliptini? Dawa za kundi la gliptini zinajulikana kuamsha pemfigoidi, wakati mwingine baada ya miezi mingi ya kuzitumia. Mwambieni daktari wa kisukari aibadilishe. Msiiache wenyewe, kwa kuwa prednisoloni tayari inapandisha sukari. Ikimezwa asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni, kwa hiyo kipimo cha alfajiri peke yake kitawadanganya.

Ulizeni pia kuhusu klobetasoli ya 0.05%, krimu kali ya steroidi ya kupaka. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2002 lilitumia gramu 40 kwa siku, na wenye ugonjwa mkali waliishi zaidi kuliko waliomeza vidonge. Tyubu ya gramu 15 haimalizi hata siku. Wengi huipaka kidogo kidogo kwa wiki nzima, kisha wanasema dawa haifanyi kazi.

Binti_Korogwe: Asanteni sana. Prednisoloni tuisitishe mpaka tumwone daktari?

Mfamasia_Pwani: Hapana! Ikikatwa ghafla baada ya wiki kadhaa, presha inaweza kushuka akazimia. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Na kama hajapewa ivermektini, dawa ya minyoo, ulizeni: minyoo ya strongiloidi ikiwa mwilini, prednisoloni huiachia isambae. Malengelenge yaliyojaa yatobolewe pembeni kwa sindano safi ya hospitali, maji yatoke, ngozi ya juu ibaki pale pale.