Zaka ya jimbo: tufanyeje itoke mwaka mzima?

Mweka hazina wa kigango, Kasese, Uganda
Tumsifu Yesu Kristo. Zaka ya jimbo, yaani mchango wa waumini kwa jimbo la Kanisa Katoliki, huku huingia Desemba tu, tena kwa kusukumana. Tuanzie wapi?

Katekista
Milele amina. Mkulima wa kahawa msimdai kila mwezi, hana mshahara. Aandike ahadi Januari, alipe akishauza. Mwenye mshahara ndiye wa kila mwezi. Kadi za zaka ziwe mbili, ya mtoaji na ya mwenyekiti wa jumuiya yake ndogo ya waumini, zitiwe sahihi papo hapo. Ikiwa moja tu na ikapotea, ni ugomvi.

Mjumbe wa kamati ya fedha
Pesa za simu zina mtego: mkizitoa kwa wakala mnakatwa ada, pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Mtu katuma 10,000, kitabuni anaona pungufu, mnaitwa wezi. Andikeni alichotuma, makato yawe na safu yake. Na laini ya simu ya kupokelea isiwe ya padre binafsi. Akihamishwa, inaondoka naye.

Mlei mzee
Na hesabu je? Kanuni 1287 ya Sheria za Kanisa inataka waumini waelezwe kuhusu walichotoa. Bandikeni mlangoni jumla ya kila jumuiya, bila majina. Mchango wa seminari nao msiununulie mabati, hata paa livuje vipi; kanuni 1267 inakataza.