Mliowahi kuokoka kwa maksi, neema iliwakuta wapi? Tupeane uzoefu

Mhamaji wa Mbezi
Wakuu habari za Jumapili. Jana nilikuwa nahama, si mnajua kuhama, unakutana na vitu ulishasahau kama unavyo. Chini kabisa ya begi la vyeti nikakuta kaunta buku langu la chuo.

Nikiwa mwaka wa pili nilikuwa timu ya maombezi kwenye feloshipu na kila mtu alikuwa na daftari lake. Safu ya kwanza tarehe, ya pili masaa uliyoomba, ya tatu sura ulizosoma, ya nne watu uliowashuhudia, ya mwisho sahihi ya kiongozi. Jumamosi linakaguliwa. Chini ya masaa 14 kwa wiki hushiki maiki, unakaa nyuma na wageni. Sasa nimefungua ukurasa mmoja nimeandika Jumanne, masaa 3, na Jumanne ile naikumbuka vizuri, nilikuwa na malaria nililala tangu saa mbili usiku mpaka asubuhi. Yaani nilimdanganya Mungu kwa kalamu ya bluu na kiongozi akasaini kwa nyekundu.

Nikakaa palepale juu ya godoro, jamaa wa kirikuu anapiga honi nje, nikaanza kucheka halafu sijui nini kikanikaba koo.

Tupeane uzoefu. Siyo mahubiri jamani, uzoefu.

kinyozi_kimara
Nimekaa siti ya mbele. Kahawa na kashata viletwe.

Dada wa Alto
Masaa 14? Nyie mlikuwa likizo. Sisi ilikuwa 21, na mfungo mkavu Jumatano na Ijumaa, na bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka fungu la kumi linakusanywa kabla hujalipa hata deni la mama ntilie.

Mzee wa Kagera
Vijana mnadhani mmeanza nyie. Baba yangu alikuwa mlokole wa ule uamsho uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukashuka Uganda na kwetu Kagera ukafika. Alitusimulia watu walivyokuwa wanalia na kuimba Tukutendereza, mtu na adui yake wanakumbatiana barabarani, anarudisha jembe aliloiba miaka kumi nyuma bila kuulizwa na mtu. Furaha tupu. Lakini mimi nilipozaliwa nikakuta nyumbani kusuka nywele dhambi, kukopa dhambi, kucheka sana dhambi. Mama akikaa kimya siku mbili anaitwa kuulizwa anaficha nini moyoni, kumbe mwenzenu kachoka tu, ana watoto wanane. Sijui pale katikati walipitiwa na nini.

MamaUji
Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu, ila hili daftari limenigusa pabaya.

Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Januari ikatangazwa siku 21 za kufunga, na mimi nina mimba ya miezi mitano, kliniki walishaniambia damu iko chini nile vizuri. Nikauliza kama naweza kushiriki kwa kuomba tu bila kufunga, nikajibiwa, kiongozi akila, kondoo watafanya nini. Basi nikafunga. Nilikuwa nafungua saa kumi na mbili jioni, naandaa chakula cha watoto huku mate yananijaa mdomoni nakaza, nikijiambia huyu Mungu ataona. Siku ya tisa nikaanguka bafuni, jirani yangu Muislamu ndiye aliyenisikia, akaniinua akanikorogea uji wa ulezi nikanywa kikombe kizima. Siku ya kumi na tano mimba ikatoka.

Wakaja kunipa pole, tena wengi, mama mkwe yupo pale sebuleni. Mmoja akasema, kwa sauti ya upole kabisa, adui alipata mlango pale ulipokunywa uji.

Niliamini. Miaka minne wapendwa. Nilikuwa naona kikombe tu, hata chai sinywi kwenye kile kikombe, nikawa nafunga mara mbili zaidi ya wengine, nadeki kanisa zamu yangu na zamu za watu, naogopa kulala mapema. Hakuna aliyejua, walinipa na zawadi ya mtumishi bora wa mwaka!!

Aliyenitoa ni bibi yake mume wangu, Mlutheri wa zamani wa kule Kilimanjaro, hajui upako hajui nini. Alikuja kututembelea akaona nimekonda, usiku nikamwambia yote. Hakunihubiria. Asubuhi akaniwekea uji mezani. Nikakataa. Akasema mjukuu wangu, Eliya alipokata tamaa akaomba kufa pale chini ya mti, malaika alimwambia afunge? Alimwambia inuka, ule. Akala akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na neno lilelile, inuka, ule. Mwenye Biblia na aangalie, 1 Wafalme 19. Nikanywa ule uji nalia mpaka ukawa na chumvi.

Dada wa Alto
Mama pole. Nimeshindwa kuandika kitu.

kinyozi_kimara
Kahawa imepoa. Pole sana mama.

Askari wa Zamu
Pole dada yangu kwa msiba. Ila tusitumie maumivu kufuta maandiko. Yesu alisema "mfungapo", hakusema mkijisikia. Hii neema ya siku hizi ndiyo imejaza watu baa Jumapili mchana wanasema Mungu anaangalia moyo. Yakobo 2, imani isiyo na matendo imekufa.

Mhamaji wa Mbezi
Kaka Askari, mama ana mimba na damu iko chini. Hebu soma tena alichoandika kabla ya kumpiga na Yakobo.

Askari wa Zamu
Nimesoma. Nimesema pole. Wewe mwenyewe umekiri ulikuwa unaandika masaa ya uongo, tatizo ni daftari au ni wewe?

Mhamaji wa Mbezi
Vyote viwili mkuu, sikatai.

Mlutheri Kindakindaki
Ndiyo maana sisi 31 Oktoba tunaadhimisha Matengenezo ya Kanisa. Martin Luther alikuwa mtawa, anafunga mpaka anadhoofika, anaungama masaa mpaka padri wake anachoka. Alipokuja kuelewa Warumi 1:17, mwenye haki ataishi kwa imani, ndipo akapumua. Hayo mambo tulishayamaliza tangu 1517.

Mkatoliki wa Misa ya Kwanza
Mmeyamaliza? Sola gratia, yaani neema peke yake, ibadani, wakati wa matangazo mnasoma majina ya walioahidi na hawajatoa. Halafu usisahau 1999 kule Augsburg, Ujerumani, Walutheri na sisi tulisaini tamko la pamoja kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema, siyo kwa matendo yake.

Mlutheri Kindakindaki
Kwa hiyo mkakiri tulikuwa sahihi.

Mkatoliki wa Misa ya Kwanza
Soma tamko kaka, acha vichwa vya habari. Bahasha yako ya sadaka namba ngapi?

Mlutheri Kindakindaki
147. Naomba tusifike huko.

Msema Lugha Mstaafu
Ngoja niwape yangu ila msinicheke. Kanisani kwetu ambao hawajanena kwa lugha walikuwa wanabakizwa Jumamosi kwenye darasa la kusubiri. Wenzangu wakahitimu mmoja mmoja nikabaki mimi na watoto wawili wa sandei skuli. Siku moja aibu ikanizidi, nikafumba macho nikaanza kutiririka Kinyaturu cha babu yangu. Mimi Kinyaturu najua cha machungani tu, kwa hiyo nilikuwa narudia ng'ombe mwekundu amepotea, mfungulieni mlango, ng'ombe mwekundu amepotea. Watu wakalipuka! Wakanikumbatia! Nikapandishwa timu ya maombezi, miaka mitatu natafuta ng'ombe mbele ya kanisa zima, na kuna dada mmoja alikuwa ananitafsiria kabisa, anasema Bwana anasema huu ni mwaka wa mavuno.

Siku moja kukawa na mgeni, mzee wa Singida, kakaa safu ya tatu. Mimi sina habari, natiririka. Ibada imeisha akaja kunishika mkono, akaniinamia sikioni akasema taratibu kwa Kinyaturu: alipatikana?

kinyozi_kimara
ALIPATIKANA??? Jamani nimeharibu denge la mteja huku

Dada wa Alto
Na yule dada mtafsiri yuko wapi sasa hivi? Tuanzie hapo

Mkatoliki wa Misa ya Kwanza
Mwendelezo tafadhali. Mzee alikuumbua?

Msema Lugha Mstaafu
Hakuniumbua. Alinipeleka kwenye mgahawa akaninunulia chipsi mayai, nikamwambia ukweli wote natetemeka. Akasema mimi pia nimekaa miaka mingi naogopa kufukuzwa kwenye nyumba ambayo sikuijenga. Tukala. Mtafsiri ni mke wangu sasa, mada ifungwe.

Mtanga Halisi
Nacheka ila naweka kitu kidogo. Wagalatia 5:1 kwenye Biblia yetu ya Union inasema "katika ungwana huo Kristo alituandika huru". Ungwana. Sisi wa pwani tunajua mngwana ni nani, ni mtu wa nyumbani asiye mtumwa, haamki asubuhi kuonyesha kazi aliyofanya ndipo apewe sahani. Yule kaka wa mwana mpotevu hakutoka hata siku moja, lakini anamwambia baba nimekutumikia miaka mingapi hii na hujanipa hata mwana-mbuzi. Kakaa kwao kama kibarua, na anahesabu siku zake.

Askari wa Zamu
Hiyo ya mwana-mbuzi imenipata kidogo. Kidogo tu.

Dada wa Alto
Sasa tuliochoka tufanyeje? Nihame kanisa?

Mzee wa Kagera
Usihame. Utalikuta daftari lingine huko.

kinyozi_kimara
Hama haraka sana dada.

MamaUji
Lala kwanza. Jumapili moja lala mpaka saa nne halafu uone kama mbingu imeanguka. Mimi nilijaribu, nikashtuka saa tano, nikamwambia Mungu samahani, halafu nikaona hata samahani yenyewe ya nini.

Askari wa Zamu
Mama hapo sasa 😅

Mtanga Halisi
Mwenye uzi, daftari umelichoma?

Mhamaji wa Mbezi
Hapana, limebaki kurasa nyingi safi. Wife kalichukua anaandikia madeni ya vitumbua. Jina, tarehe, vingapi, na ile safu ya sahihi ndiyo anapoandika "amelipa".

kinyozi_kimara
Vitumbua shilingi ngapi huko Mbezi?